Gunia la jikoni: kula vizuri bila nyama, kwa mazao ya shamba letu

Mwezi wa kwanza, maharagi ya msimu A yakiisha kupigwa na kukaushwa, depo za kooperative zinajaa. Mizani iko mlangoni, karte za wanachama ziko mezani, kila gunia linaandikwa. Lakini pita kwenye nyumba za wanachama hao hao katika mwezi wa nne. Mara nyingi utakuta kwenye sufuria bugali ya muhogo, majani kidogo, chumvi na pilipili, basi. Maharagi yameisha, yalienda na lori. Aliyeyalima sasa anayanunua sokoni kwa kikombe, tena kwa bei kubwa kuliko ile aliyouzia.

Watu wakiulizwa kwa nini watoto wamekonda, wanajibu: hatuna nyama. Jibu hilo linasikika kila mahali, na tunaona inafaa tulichunguze. Ni kweli, nyumba nyingi za mashariki ya Kongo hazioni nyama ila siku ya Noeli au siku ya ndoa. Ng'ombe wengi waliporwa katika miaka ya vita, mbuzi anauzwa kwa ajili ya pesa za masomo, na kuku anangojea mgeni. Kuna pia wale ambao wameacha nyama kwa kupenda wenyewe, kama familia nyingi za Waadventista, na Wakatoliki wakati wa Kwaresima. Hao wote tunawaambia jambo moja: mtu anaweza kula chakula cha shamba peke yake, bila nyama, bila samaki, bila yai, na akawa na nguvu. Kinachodhoofisha nyumba nyingi ni muhogo kubaki peke yake kwenye sahani, kwa sababu maharagi, soja na karanga vimeuzwa vyote.

Nyama na maharagi kwenye mizani moja

Chakula kinachojenga mwili, ile watu wa afya wanaita protini, kiko ndani ya nyama. Kiko pia ndani ya maharagi. Tuvipime. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina gramu 200 hivi za protini. Kilo moja ya maharagi makavu ina gramu 210 hivi. Umeona? Kilo kwa kilo viko karibu sawa. Na nyama ya sokoni kwetu inakuja na mifupa yake, kwa hiyo unalipa mifupa pia. Kilo ya maharagi yenyewe ikiiva inapita kilo mbili na inashibisha nyumba nzima. Soja inapita vyote viwili: kilo moja ina gramu 360 hivi. Karanga ziko na gramu 250, pamoja na mafuta mengi mazuri.

Nenda sokoni kwako uulize bei ya kilo ya nyama na bei ya kilo ya maharagi, halafu ugawanye. Kama nyama ni mara nne ya maharagi, ujue unalipa mara nne kwa kazi ile ile ya kujenga mwili. Nyama iko na uzuri wake mwingine, tutaufikia mbele. Lakini kwa protini, mkulima wa maharagi hana haja ya kumwonea wivu mwenye buchari.

Sasa tuangalie bugali. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Akila unga wa muhogo gramu 400 kwa siku, anapata gramu 6 hivi tu. Akila unga wa mahindi gramu 400, anapata zaidi ya 30. Tofauti ni kubwa sana. Anayekula bugali ya mahindi na gramu 100 za maharagi makavu (yaani kiganja kilichojaa vizuri, mara mbili) amefika. Anayekula bugali ya muhogo na maharagi hayo hayo amefika nusu tu. Njo maana nyumba ya muhogo inahitaji maharagi zaidi na soja juu yake, kuliko nyumba ya mahindi.

Wale ambao wanachanganya unga, nusu muhogo nusu mahindi, wanafanya vizuri kuliko wanavyofikiri. Wengine wanachanganya kwa sababu bugali inavutika na haipasuki. Sawa, lakini mwili nao unafaidi. Kuna jambo jingine pia: protini ya mahindi inapungukiwa na kipande ambacho maharagi wanacho, na maharagi yanapungukiwa na kipande ambacho mahindi yanacho. Vikiliwa siku moja vinakamilishana. Wazee wetu waliopika mahindi na maharagi katika chungu kimoja hawakuhitaji maabara.

Hesabu ya gunia

Hapa njo penye kazi. Tuchukue nyumba ya watu 6, wakubwa na wadogo. Tukadirie gramu 80 za maharagi makavu kwa kila mtu kwa siku: wakubwa watakula zaidi, wadogo kidogo. Hiyo ni gramu 480, karibu nusu kilo kwa siku. Toka mavuno ya mwezi wa kwanza mpaka mavuno ya mwezi wa sita ni siku 150 hivi. Zidisha: kilo 72. Toka mwezi wa sita mpaka mwezi wa kwanza ni siku 210 hivi: kilo 100.

Kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji kilo 72 baada ya mavuno ya kwanza, na gunia zima la kilo 100 baada ya mavuno ya pili, kama haina shamba la bondeni la msimu C. Hilo tunaliita gunia la jikoni. Linapimwa kwanza, kabla lori halijafika. Kinachobaki njo cha soko.

Tunajua mtakavyosema, na mna haki. Pesa za masomo hazingoji. Deni la mbegu liko. Mgonjwa yuko hospitali. Mwenye njaa ya pesa hawezi kuambiwa aangalie gunia la kilo 72 likilala ndani ya nyumba. Lakini fanya hesabu hii kwa bei za soko lako mwenyewe. Tuseme kwa mfano tu: wakati wa mavuno kilo ni franka 1.500, na mwezi wa nne imefika 2.500. Ukiuza kilo 72 zile na baadaye ukazinunua tena, umepoteza franka 72.000. Na kwa kweli hutazinunua tena zote, kwa sababu mwezi wa nne mfuko uko mtupu. Utanunua kilo 20 na watoto watakula majani. Kuuza gunia la jikoni ni sawa na kukopa pesa kwa riba kubwa sana, na wanaolipa ile riba ni watoto.

Na yule ambaye shamba lake limetoa kilo 60 tu, zote pamoja? Kwake gunia la jikoni halipatikani, na hatutaki kumdanganya. Huyo tunamshauri hivi: abakize angalau kilo 40, atafute pesa kwenye kitu kingine kisicho na protini, kama muhogo, ndizi za pombe, nanasi, viazi. Watu wengi wanafanya kinyume: wanauza maharagi na soja kwa sababu vina bei, na wanabakiza muhogo kwa sababu hauna bei. Bei ya soko haijui watoto wako wanahitaji nini.

Mwenye udongo mzuri na anayeweza kupata fito ajaribu maharagi ya kupanda, yale marefu. Kwenye milima yetu ya Kivu yanaweza kutoa zaidi ya mara mbili ya yale mafupi kwenye eneo lile lile. Shida ni fito, kila mtu anaijua. Wanaopanda miti ya mbolea kandokando ya shamba wanapata fito bila kuharibu msitu.

Nyumba ya muhogo iongeze soja. Gramu 30 kwa mtu kwa siku, kwa watu 6, ni gramu 180, na kwa siku 150 ni kilo 27. Kilo 27 za soja zinatoka kwenye kipande kidogo tu cha shamba, na majani yanayobaki yanarutubisha udongo.

Komite ya kooperative inaweza kusaidia bila kutumia hata franka moja. Kwenye karte ya mwanachama iongezwe mstari mmoja: kilo zilizobaki nyumbani. Mwenye kupima mizani aulize kabla ya kuandika kilo za kuuza. Haina haja ya amri wala faini. Na ulizeni baba na mama wote wawili, kwa sababu mara nyingi baba ndiye anayekuja depo, na mama ndiye anayejua debe la nyumbani limebaki na nini.

Gunia lisiliwe na wadudu

Wengi wanauza haraka kwa sababu ya wadudu, si kwa sababu ya pesa. Baada ya miezi miwili maharagi yamejaa matundu na unga. Hapa kuna dawa isiyo sumu. Kwanza, kausha sawa sawa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia maharagi mpaka nusu, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu, uache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, maharagi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, tayari.

Halafu yaweke mahali pasipopita hewa. Mifuko ya tabaka tatu inayoitwa PICS ilitengenezwa kwa kazi hiyo: mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja, kila mmoja unafungwa peke yake. Wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa ndani ya wiki chache, bila dawa yoyote. Kama mifuko hiyo haipatikani kwenu, bidoni kavu yenye kifuniko kizuri, iliyojaa mpaka juu kabisa, inafanya kazi karibu na hiyo. Ukiifungua kila siku umeharibu. Kwa hiyo gawa: bidoni ya mwezi huu, bidoni ya mwezi ujao.

Zile tablete za kuua wadudu zinazouzwa sokoni ndani ya vikaratasi, msiziingize ndani ya nyumba mnamolala. Gesi yake inaua watu wanaolala karibu na gunia. Hapo hatuna la kupunguza.

Supu kwa mtoto, maharagi kwa baba

Sasa tuseme mambo ya sahani. Katika nyumba nyingi baba anapewa maharagi yenyewe, na mtoto mdogo anapewa bugali iliyolowanishwa kwa supu ya maharagi. Supu ina rangi na harufu, lakini protini imebaki kwenye punje. Mtoto aliyeacha ziwa anashiba, tumbo linajaa, lakini mwili haupati kitu. Huko Bushi ugonjwa unaofuata una jina lake: bwaki. Miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi na kung'oka, mtoto hachezi tena. Bwaki ilitesa milima ya Kivu mpaka ikaundwa Bukavu, katika miaka ya 1960, komite iliyobeba jina hilo, Komite Anti-Bwaki. Ugonjwa huo una sababu nyingi, kuhara na surua zimo pia, lakini chakula cha muhogo mtupu kiko katikati yake. Ukiona mtoto amevimba miguu, usimtibu kwa soja nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kabla ya kufika huko, kazi iko jikoni. Maharagi ya mtoto yasagwe kwa kijiko au yapitishwe kwenye kichungio ili maganda yabaki, na aongezewe kijiko cha mafuta ya mawese. Tumbo la mtoto ni dogo; hawezi kula bugali nyingi kama mtu mzima, kwa hiyo chakula chake kiwe kizito na ale mara 4 au 5 kwa siku. Mtoto chini ya miezi 6 ni ziwa la mama peke yake: wala uji, wala maziwa ya soja.

Uji wa masoso mnaujua: mahindi, soja, mtama. Vipimo viwili vya mahindi, kimoja cha soja, kimoja cha mtama. Siri iko kwenye soja. Soja mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na kinaondoka kwa moto tu. Kwa hiyo ikaange mpaka iwe na rangi ya kahawia na harufu ya karanga, ndipo uisage. Wanaosaga soja iliyokauka jua tu, watoto wanaumwa tumbo, na watu wanasema soja ni mbaya. Soja imeonewa.

Maziwa ya soja pia si kazi ngumu. Kilo moja iliyolowekwa usiku, ikatolewa maganda, ikasagwa na kuchujwa, inatoa lita 6 mpaka 8. Yachemke dakika 20 ukiyakoroga, maana yanapanda na kumwagika vibaya kuliko maziwa ya ng'ombe. Machicha yanayobaki usiwape nguruwe yote. Changanya na unga wa ngano kidogo, ukaange mandazi.

Juu ya karanga tuna neno moja kali. Kuna desturi ya kuchagua: karanga nzuri zinaenda soko, zile zilizooza, zilizokunjamana au zenye ukungu zinasagwa kwa ajili ya sombe ya nyumbani. Ukungu ule una sumu inayoitwa aflatoksini. Haionekani, haina ladha, moto wa jikoni hauimalizi, na inaharibu ini kidogo kidogo. Karanga zenye ukungu zitupwe. Usiwape hata kuku.

Muhogo mchungu usio na mwenzake

Kuna sababu nyingine ya kutouza maharagi yote, na hiyo inatisha kuliko njaa. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Mwili unaweza kuitoa ile sumu kidogo kidogo, lakini kwa kazi hiyo unatumia vipande vya protini. Anayekula muhogo usiolowekwa vizuri, kila siku, bila maharagi wala kitu kingine cha protini, anaweza kuamka asubuhi miguu imekataa kutembea, na haiponi tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, na huko bado uko. Umeonekana pia Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi, katika miaka ya vita, wakati watu walipokimbia na kula muhogo waliouchimba haraka haraka. Unapiga sana sana watoto na wamama wenye umri wa kuzaa.

Dawa yake inajulikana. Muhogo mchungu uliomenywa ulale majini siku 3 mpaka 4, uwe laini kabisa, ndipo ukaushwe. Shida inaanza pale bei ya soko inapopanda au askari wanapokaribia, na watu wanaloweka siku moja tu. Kama una unga usiouamini, kuna namna iliyotumika Kay Kalenge, kijiji cha Kwango: weka unga kwenye beseni, tia alama ulipofikia, ongeza maji ukichanganya. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye mkeka, usipite unene wa kidole, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka na hewa. Upike bugali siku ile ile.

Sombe nayo ni majani ya mti ule ule. Mbichi ina gramu 6 au 7 za protini katika gramu 100, kiasi kikubwa kwa majani, lakini ina sumu ile ile. Itwangwe mpaka iwe laini kabisa, maana kutwanga njo kunafungua sumu itoke, halafu ichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Bikarbonati inayotiwa ili iive haraka inaua vitamini; kama makala yanatosha, iache. Mwisho weka karanga zilizosagwa na mawese. Kwa bei yake, hatuoni chakula kingine kinachoishinda.

Mawese yenyewe yasichomwe mpaka yawe meupe. Ile rangi nyekundu ndiyo vitamini A, inayolinda macho. Kijiko kimoja cha mawese mekundu kinakaribia kumtosha mtoto kwa siku. Viazi vitamu vya rangi ya karoti vinafanya kazi ile ile kwa wale wasiopata mawese.

Damu, ndimu na chai

Wamama wengi wanalalamika kizunguzungu na kuchoka, na kituo cha afya kinawaambia: damu imepungua. Malaria na minyoo vinakula damu, na hivyo vitibiwe. Lakini damu inahitaji chuma, na chuma cha mimea mwili unakipokea kwa shida kuliko cha nyama. Hapa nyama iko na uzuri wake ule tuliouahidi. Asiyekula nyama atumie akili kidogo. Loweka maharagi na umwage yale maji. Weka ndimu kwenye lengalenga, au mle pera, paipai, chungwa baada ya chakula. Vinafungua mlango wa chuma. Chai na kahawa vinaufunga, kwa hiyo vingoje saa moja au mbili baada ya kula. Hiyo ni bure kabisa, inahitaji tu kubadilisha saa ya chai.

Tena kuna mbegu za maharagi zenye chuma kingi, zilizochaguliwa pamoja na watafiti wa INERA wa Mulungu, kama HM 21-7. Maharagi ya kawaida yana miligramu 50 hivi za chuma kwa kilo. Haya yanakaribia 90. Huko Huye, Rwanda, wasichana wa chuo kikuu waliokula maharagi ya namna hiyo kwa siku 128 walionekana na damu nzuri kuliko wenzao waliokula ya kawaida. Ladha haina tofauti kubwa na yanaiva kama mengine. Mwulize agronomu wenu kama mbegu inapatikana, na kama ipo, kooperative ianze na shamba moja la kuzalisha mbegu.

Makala yasile faida

Maharagi ni bei nafuu lakini yanakula makala. Loweka toka jioni. Muda wa kupika unaweza kupungua karibu nusu. Wenye kikapu kikubwa wajaze majani makavu ya migomba au nguo kuukuu, waache nafasi ya sufuria katikati. Maharagi yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, sufuria ifunikwe, iingizwe kwenye kikapu, ifunikwe tena kwa blanketi. Yatamalizia kuiva yenyewe mama akiwa shambani. Isipungue ile nusu saa ya kuchemka, kwa sababu maharagi mabichi, sana sana yale mekundu, yanaumiza tumbo. Chumvi itiwe mwisho, na iwe chumvi ya iyodi, iliyohifadhiwa kwenye kopo lililofungwa.

Kitu kimoja ambacho shamba haliwezi kutoa

Tumesema chakula cha shamba kinatosha. Kinatosha kwa karibu kila kitu. Kuna vitamini moja, B12, ambayo haipatikani kwenye maharagi, soja, majani wala matunda. Inatoka kwa vyakula vya wanyama peke yake: nyama, samaki, mayai, maziwa. Ikikosekana damu inapungua, mikono na miguu inakufa ganzi, na mtoto anayenyonya kwa mama asiye nayo anachelewa kukua na akili. Mwili wa mtu mzima unaiweka akiba kwa miaka kadhaa, ndiyo sababu wengi hawaoni shida mapema.

Kwa nyumba ambayo haili nyama kwa sababu ya bei tu, dawa iko karibu. Haihitaji kilo ya nyama. Sambaza kavu zikisagwa zote, na kichwa na mifupa, kijiko kimoja cha unga wake kwenye sombe au uji wa mtoto mara tatu au nne kwa wiki kinasaidia sana, na ule unga unalala kwenye kopo bila kuharibika kama umekauka. Wanaonunua kwa pamoja kooperative nzima, moja kwa moja kwa wavuvi wa ziwa, wanapata bei nzuri kuliko kikombe cha sokoni.

Kwa wale walioacha vyakula vya wanyama kwa imani au kwa kupenda, na mayai na maziwa pia, tunawaambia wazi: maombi na lengalenga havileti B12. Tablete zake zipo kwenye famasi za miji, peke yake au pamoja na vitamini B nyingine, na si ghali zikilinganishwa na nyama. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha ambaye hali kitu chochote cha mnyama amwambie mganga hilo siku ya kwanza ya kupimwa mimba, asingoje aulizwe. Tablete nyekundu anazopewa huko ni za chuma na asidi ya foliki, nazo ni nzuri na azimeze zote, lakini B12 haimo ndani yake.